Kununua risasi ya mnada Marekani: mwongozo kwa wanaosubu vichwa vya risasi wenyewe

Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Sheria ya Marekani inavitenganisha, na mpaka wake ni kalibu, yaani umbo la kumiminia madini yaliyoyeyuka. Mche wa risasi ni chuma chakavu kama shaba au bati, na mtu yeyote anaweza kuununua. Ukishaumimina ukatoka kichwa cha risasi, sheria ya shirikisho inakihesabu kichwa hicho kuwa risasi ya bunduki, hata kama hakina ganda wala baruti.

Kwa Mwafrika Mashariki hilo ndilo la kuangalia kabla ya bei. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi zake, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha iliyoandikwa. Unaotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na karatasi za uhamiaji haruhusiwi kabisa. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kama raia, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki anaweza kurudishwa kwao hata kama ameishi huko miaka 20. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata wowote, muone wakili kwanza. Kusubu kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho. Kusubu ili uuze kunahitaji, hata ukimuuzia rafiki mfuko mmoja kila wikendi. Majimbo nayo yana sheria zao. California, kwa mfano, imepiga marufuku risasi za madini haya katika uwindaji wote tangu Julai 2019, na nchi nzima haziruhusiwi kwa bata na mabata bukini tangu 1991.

Kama hayo yote yako sawa, twende mnadani.

Mali ya ziada ya serikali huuzwa mtandaoni kupitia GSA Auctions kwa mashirika ya shirikisho, na GovDeals au Public Surplus kwa miji, kaunti, shule na vyuo. Usitafute kwa neno la risasi peke yake, tafuta kwa majina ya vitu pia, kwa kuwa karani aliyeandika tangazo mara nyingi hajui alichonacho. Risasi hujificha ndani ya vyumba vya eksirei vinavyobomolewa, maabara za vyuo, karakana za zamani za uchapaji, maganda ya nyaya za simu, gereji za magari ya manispaa na viwanja vya polisi vya kulengea shabaha. Minada binafsi huleta mikuku ya mashua za tanga na vifaa vya marehemu waliokuwa mafundi.

Kila chanzo kina tabia yake, na hapa ndipo fedha hupatikana au hupotea.

Bamba la eksirei ndilo bora kwa anayetaka risasi laini, safi karibu kabisa. Limegandishwa kwa gundi kwenye ubao wa jasi, na jasi hunyonya maji kama sponji, kwa hiyo libandue lote na ulianike siku kadhaa. Matofali ya maabara nayo ni mazuri. Lenye inchi 2 kwa 4 kwa 8 lina uzito wa pauni 26 hivi, na kwa kipimo hicho unaweza kuhesabu fungu zima kutoka kwenye picha. Lakini tofali la maabara huenda lilizungushiwa vitu vyenye mnunurisho (mionzi). Dai karatasi ya upimaji. Kama muuzaji hana, liache hata kama ni la bure, maana ukishaliyeyusha uchafu huo umeingia katika sufuria, kalibu na kila mche utakaofuata.

Herufi za uchapaji ni hazina. Zile za mashine ya Linotype zina takribani risasi asilimia 84, antimoni 12 na stani 4 (metali zinazoigumisha), nazo ni ngumu na hukatika kwa mlio ukizipinda. Usizitumie peke yake. Sehemu moja ya herufi kwa tatu za risasi laini hukupa antimoni asilimia 3 na stani 1, ugumu unaotosha bastola za kasi ya wastani. Risasi laini tupu iweke kwa bunduki za gobori, ambazo hazitaki mchanganyiko mgumu.

Vizani vya magurudumu, vile vipande vya kusawazisha tairi, ndivyo vilivyowapa mafundi wengi mwanzo, na ndivyo vinavyodanganya wengi leo. California ilivipiga marufuku vya risasi tangu 2010, majimbo mengine yakafuata, na ndoo ya leo imejaa chuma na zinki. Ndoo ya galoni 5 hubeba pauni 120 hadi 150, lakini usiihesabu yote kuwa risasi. Kama unaruhusiwa kwenda kukagua, chukua koleo la kukatia. Kizani cha risasi huingia meno mara moja na kuacha alama inayong'aa. Cha zinki hugoma, na ukikidondosha sakafuni hulia kama sarafu, ilhali cha risasi hutoa kishindo kizito kisicho na mwangwi. Vingine vimepigwa mhuri wa Zn au Fe, na hivyo havikupi shida. Zinki chache tu zikiingia kwenye mchanganyiko, risasi inakuwa kama uji na haijazi kalibu.

Risasi iliyochimbwa viwanjani kwa polisi huwa na mchanga, shaba na, jambo baya kuliko yote, risasi nzima ambazo hazikufyatuka. Chambua moja moja kwa mkono wenye glavu. Betri usizinunue kabisa. Ndani yake mna arseniki na antimoni, na zikikutana na unyevu na asidi zinaweza kutoa gesi inayoua.

Sasa hesabu. Mnada huuza mali kwa sharti la "ilivyo na ilipo": uzito ulioandikwa ni makisio, na ukishalipa hakuna kulalamika. Juu ya dau lako minada mingi huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15, halafu kodi ya mauzo. Chukua fungu la mabamba linalotajwa kuwa la pauni 1,000, ukalishinda kwa dola 500. Ada ya asilimia 12.5 ni dola 62.50. Kodi ya asilimia 6 juu ya jumla ni 33.75. Trela ya kukodi na mafuta, tuseme 120. Umefika dola 716.25. Gundi, rangi na taka za juu zikiondoa asilimia 5, unabaki na pauni 950 za miche, yaani senti 75 kwa pauni. Katika soko la dunia tani ya risasi imekuwa ikizunguka dola 2,000 miaka ya karibuni, karibu senti 90 kwa pauni, kwa hiyo hapo umenunua vizuri. Dau hilohilo likipanda hadi 700, umevuka dola moja kwa pauni, na ungekwenda kwa mwenye chuma chakavu ukachagua kwa macho yako. Andika kikomo chako kwenye karatasi kabla ya dakika za mwisho, na ukishaandika usikiguse.

Kabla ya kutoa dau, mpigie mwenye mali umuulize mambo matatu: uzito ulipimwa kwa mizani au kwa macho, kuna foklifti siku ya kuchukua, na mwisho wa kuchukua ni lini. Siku za kuondoa mali ni chache, na ukichelewa unapoteza mali na fedha. Baadhi ya mali za jeshi hudai pia ujaze hati ya kueleza utaitumiaje. Ijaze kwa ukweli.

Usafirishaji umevunja springi za magari mengi. Risasi ni nzito mara 11 kuliko maji, na paleti inayofika magotini tu inaweza kushinda uwezo wa pikapu ya kawaida. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo, kisha toa uzito wako na wa mwenzako. Kilichobaki ndicho unachoweza kubeba. Panga mzigo juu ya ekseli au mbele yake kidogo, sambaza, funga. Mche mmoja ukiteleza wakati wa breki unapasua kioo cha nyuma.

Nyumbani, iyeyushe nje, mbali na madirisha, na kamwe si kwenye baraza la ghorofa la kupanga. Sufuria zetu za aluminiamu haziwezi kazi hii. Zikipata moto mkali hulainika, na ya lita 10 ikijaa risasi ina kilo zaidi ya 110 juu ya jiko. Kitako kikiachia hakuna wa kuikimbia. Tumia chungu cha chuma cha kusubu au cha chuma kizito, juu ya jiko la gesi lenye miguu mipana, na chombo hicho kisirudi jikoni maisha yake yote.

Tia vipande baridi kwenye chungu kikiwa bado baridi, ndipo uwashe moto. Kipande chenye tone la maji kikizama ndani ya risasi iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke ghafla na chungu kizima hurushwa hewani. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwa 419. Ukiishikilia kwenye 350 hivi kwa kipimajoto, zinki iliyokuponyoka itaelea pamoja na klipu za chuma nawe utaiengua. Nyunyiza unga wa mbao mkavu, uache uungue, koroga hadi chini, kisha engua. Rudia mara mbili. Mimina miche midogo ya pauni moja au mbili, na kila mmoja uupige mhuri wa aina yake ukingali moto, kwa kuwa baada ya mwezi yote inafanana.

Hatari kubwa kwa familia ni vumbi, hasa lile jivu la juu uliloengua. Wasomaji wa pwani wanakumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu wakazi. Phyllis Omido alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania haki yao. Mtoto hahitaji kiwanda. Nguo ya baba inatosha. Vaa kipumulio cha P100, chenye kichujio cha vumbi laini, unapoengua, viatu na nguo za kazi zibaki nje, zifuliwe peke yake. Usifagie pakavu, futa kwa kitambaa chenye maji. Jivu litie kwenye kopo la chuma lenye mfuniko na ulipeleke kituo cha kaunti cha taka hatari. Wewe na watoto pimeni damu kila mwaka. Tangu 2021, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inataka mtoto mwenye mikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita ya damu afuatiliwe.

Risiti ya mnada itunze pamoja na karatasi za upimaji. Na kabla ya kila safari ya kwenda nyumbani, pekua mifuko ya jaketi, mabegi na sanduku la zana kwa mkono. Kichwa kimoja kilichosahaulika chini ya begi kinatosha kukufikisha polisi Dar es Salaam au Nairobi, na hapo hakuna atakayekuuliza kama kilikuwa na baruti.