Somo: Dawa za maumivu baada ya kupasuliwa, na mtoto yuko mkononi

Assalaam alaykum dada zangu, na waume mliomo pia, maana nyie ndio mnaotumwa duka la dawa. Somo la leo ni la mzazi aliyezaa kwa kupasuliwa na jamaa wanaomuuguza nyumbani. Mie ni mkunga huku Pemba, na neno ninalolirudia wodini kila siku ni hili: mzazi aliyepasuliwa asingoje kuumwa ndipo ameze dawa. Maumivu ukiyaacha yakapanda, kidonge kilichokuwa kinatosha hakitoshi tena. Na mzazi anayeumwa hageuki kitandani, hakohoi, hatembei, na mtoto anamnyonyesha nusunusu kwa sababu kila akimweka titi anakunja uso.

"Jikaze, wenzio wamezaa kumi." Maneno hayo tumeyasikia sana. Huyu amekatwa ngozi, mafuta, utando wa misuli na mfuko wa uzazi wenyewe, kisha akashonwa. Mtu mwingine yeyote akifanyiwa hivyo tumboni huletewa supu na kuambiwa apumzike. Huyu hupewa mtoto wa kumlea siku hiyo hiyo. Mpeni dawa kwa saa yake.

Hatua ya 1: Usitoke spitali bila karatasi

Ganzi ya mgongo huisha baada ya saa chache. Miguu ikianza kurudi, mwambie nesi mapema, usingoje moto uwake. Siku ya kuruhusiwa, muulize akuandikie mambo matatu: jina la kila dawa, umeze ngapi kwa saa ngapi, na dozi ya mwisho umepewa saa ngapi. Hilo la tatu watu hulisahau. Ukifika nyumbani hujui kama ile sindano ya asubuhi ilikuwa diklofenaki au kitu kingine, utameza juu yake.

Hatua ya 2: Panga saa

Dawa ya msingi ni parasetamoli, ile ambayo wengi tunaiita panadol hata ikiwa ya kampuni nyingine. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi humeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na kwa siku nzima asipite vidonge 8, kwa sababu ikizidi inaua ini. Mwenye uzito mdogo au ugonjwa wa ini apangiwe na daktari.

Saa yetu hapa inasaidia: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Adhana ya adhuhuri na ya magharibi kwetu hazihami mbali na saa hizo mwaka mzima, basi hata asiye na simu hapotei. Ile ya saa 6 usiku ndiyo inayorukwa, kisha mzazi anaamka alfajiri hawezi kujigeuza. Iweke na kikombe cha maji karibu na mto, umeze mtoto akiamka kunyonya.

Ya pili ni ibuprofeni au diklofenaki, moja kati ya hizo, si zote. Kama daktari ameandika ibuprofeni miligramu 400 au diklofenaki miligramu 50 mara tatu, ni kila baada ya saa 8: saa 1 asubuhi baada ya chai, saa 9 mchana baada ya chakula, saa 5 usiku na uji. Usimeze tumbo likiwa tupu. Hii na parasetamoli zinafanya kazi kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo zinakwenda pamoja vizuri na zikiungana zinashinda kuliko moja peke yake. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayochokozwa na dawa hizi, aliyetokwa na damu nyingi au aliyekuwa na presha ya mimba asianze bila kumuuliza daktari.

Sasa chukua karatasi ya daftari la skuli, piga mistari, bandika ukutani, na peni ining'inie kwa uzi. Kila kidonge kikiliwa, alama. Nyumba ya mzazi ina watu wengi: bibi anampa, nusu saa baadaye wifi anakuja na vidonge vyake kwa huruma, na mzazi mwenyewe kwa usingizi hakumbuki. Karatasi haina haya na mtu.

Hatua ya 3: Maziwa yako ni salama

Wapo wanaokataa dawa kwa kuogopa "itaingia kwenye maziwa". Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki hupita kidogo mno. Huna haja ya kukamua ukamwaga, wala kumwacha mtoto na njaa. Zinazotisha ni nyingine, nimezieleza kwenye maswali chini. Aspirini ya maumivu iache, na soma pakiti za vidonge vya mchanganyiko, kwani baadhi vina aspirini ndani, na vingine vina diklofenaki na parasetamoli pamoja. Ukimeza hivyo juu ya dozi yako, umeshazidisha bila kujua.

Hatua ya 4: Kuinuka, kukohoa, kunyonyesha

Usiinuke kwa kuvuta tumbo. Kunja magoti, geuka ubavu, teremsha miguu chini, kisha jisukume kwa mikono. Ukikohoa, ukipiga chafya au ukichekeshwa (na mashoga wakija kumwona mtoto watakuchekesha tu), bana mto au kanga iliyokunjwa juu ya mshono.

Godoro la chini si mahali pa mzazi aliyepasuliwa. Najua kwa mama mzazi ndiko tunakokwenda kumalizia arubaini, na chumba mara nyingi hutandikwa chini. Muombeni kitanda hata kwa jirani. Na choo cha kuchutama: toboeni kiti cha plastiki katikati, kiwekwe juu ya tundu. Mzazi akae.

Kunyonyesha, lala ubavu, mtoto akuelekee. Au mpakate ubavuni: alale juu ya mto pembeni yako, miguu yake ipite chini ya kwapa kuelekea mgongoni kwako, asikanyage mshono. Kitu kizito kuliko mtoto usiinue mpaka wiki 6 zipite. Ndoo ya maji ni ya mwingine.

Upepo tumboni nao unaumiza, wakati mwingine mpaka begani. Dawa yake ni kutembea taratibu uani, kunywa maji, mapapai na mboga. Choo kikigoma, uliza dawa ya kulainisha.

Hatua ya 5: Mshono, maji ya moto na mkaja

Hapa ndipo tunapogombana na wakubwa wetu. Mshono unataka kuwa safi na mkavu. Ukioga, maji yapite, kisha kausha kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Usisugue. Hautiwi majivu, asali, wala mafuta ya karafuu. Karafuu tunayo, mafuta yake yanatoka hapa hapa kwetu na kwenye jino yanasaidia, lakini kwenye kidonda kibichi yanaunguza, na kwa mtoto mchanga hayakaribii kabisa.

Kukandwa tumbo kwa maji ya moto, hapana. Ngozi ya pale bado ina ganzi, utaungua bila kusikia, na mshono ukilowa na kubanwa unafunguka. Mkaja mwepesi unaweza kusaidia ukitembea, mradi uwe msafi, usiwe wa kukata pumzi, na uvuliwe ukilala.

Hatua ya 6: Rudi spitali bila kungoja asubuhi

Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakianza kupanda tena, kuna jambo. Homa ya 38 au zaidi, mshono unaotoa usaha, harufu au kufunguka, pedi inayolowa kabisa ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kichwa kikali pamoja na macho kuona giza: usimeze kidonge ukasema nione. Chake Chake, Wete, Abdalla Mzee ya Mkoani, popote pa karibu. Dawa ya maumivu inaweza kushusha homa ikaficha ugonjwa, basi mwambie daktari umemeza nini na saa ngapi.

Maswali ya wanachama

*Mama Nasra, Wete:* Spitali nimepewa diklofenaki. Haikunitosha, dukani wakaniongeza ibuprofeni. Nameza zote mbili, tumbo linaniwaka.

Acha ibuprofeni leo, bibie. Ni jamaa moja hizo, zikikutana hazikuongezei nafuu, zinakula tumbo na figo. Ulichokosa ni parasetamoli kwa saa zake. Tumbo likiendelea kuwaka, au ukiona choo cheusi kama lami, nenda spitali.

*Bi Mwanaisha, Kengeja:* Binti yangu kapasuliwa wiki iliyopita. Dada zake wote walipozaa niliwakanda mie, leo yeye ananikatalia. Hivyo damu chafu itatoka vipi?

Shikamoo mama. Damu ya uzazi inatoka yenyewe kwa njia yake, mfuko wa uzazi unajikaza kila mtoto akinyonya. Mkono wako bado tunauhitaji: mkande mgongo, mabega na miguu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, maana kunyonyesha kunavunja mgongo. Mguu mmoja ukiwa umevimba au unauma, huo usiuguse, mpelekeni spitali. Mpikie uji wa pilipili manga na supu. Tumbo mwachie.

*Baba Khamis, Konde:* Mke wangu akinyonyesha tu tumbo linamkata, analia. Mshono ni mzuri. Ndiyo mtoto wetu wa nne.

Hilo ni chango la uzazi, mfuko unajikaza, na kwa mwenye watoto wengi huwa kali zaidi. Siku za mwanzo ndizo ngumu. Dozi yake ikifika saa, ameze kama nusu saa kabla ya kunyonyesha, na aende haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa kinazidisha.

*Salma, Mtambwe:* Mama mkwe ana tramadoli za mguu wake, ananiambia moja tu nilale. Nikikataa ataona namdharau.

Mwambie mkunga kakataza, lawama nibebe mie. Tramadoli na kodeini, miili ya baadhi ya watu huzigeuza kuwa kali sana kwa haraka, zikaingia kwenye maziwa na mtoto akalala mpaka pumzi zikapungua. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wanaonyonyesha wasitumie zote mbili. Kama uliwahi kupewa dawa kali wodini chini ya uangalizi, mtazame mtoto: akilegea, akikataa kuamka kunyonya au akipumua kwa shida, mbio spitali.

*Umm Rayyan:* Nikikaa kichwa kinapasuka, nikilala kinatulia. Nilichomwa ganzi ya mgongo.

Hiyo mara nyingi ni ya sindano ya mgongo. Lala, kunywa maji na chai ya rangi, endelea na parasetamoli, lakini urudi ulikopasuliwa wakuone, ina matibabu yake. Kichwa kisichotulia hata ukilala, au chenye macho kuona giza, pimwa presha leo hii.

*Mama Ilham, Mkoani:* Ramadhani imenikuta na siku ishirini. Nimeze daku na futari tu?

Uko kwenye nifasi, yaani damu ya uzazi, hufungi. Utalipa baadaye. Meza kwa saa zako, kula mchana, kunywa maji. Damu ikikatika mapema, muulize sheikh wako kuhusu kunyonyesha na kufunga.

*Shoga wa Kiuyu:* Lini niache?

Wengi wiki ya kwanza humeza kwa saa, ya pili hupunguza. Anza kuiacha ibuprofeni au diklofenaki, kisha punguza parasetamoli, ya usiku iwe ya mwisho. Wiki mbili zikipita na bado huwezi bila dozi kamili, nenda wakautazame mshono.