Somo: Kupima mwendo kwa saa na simu katika milima ya Bukavu

Naandika somo hili kwa sababu kila wiki naulizwa jambo lilelile: «Saa yangu ya kuhesabu hatua inanidanganya, nifanye nini?» Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwanza tuelewane kwamba saa haioni miguu. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachopima jinsi mkono unavyotikisika, na programu hutafuta katika mtikisiko huo mdundo unaofanana na wa mtu anayetembea. GPS isipotumika, umbali hupatikana kwa kuzidisha idadi ya hatua kwa urefu wa hatua moja.

Hatua ya 1. Chaji saa mpaka ijae, umeme ungalipo.

Hatua ya 2. Pakua programu, uiunganishe na saa kwa Bluetooth. Mega (za intaneti) utazihitaji hapo. GPS yenyewe hupokea mawimbi ya setilaiti na haili mega.

Hatua ya 3. Andika umri, urefu na uzito wako wa kweli.

Hatua ya 4. Iruhusu programu iendelee kufanya kazi skrini ikizimika, la sivyo simu itaizima ili kuokoa betri na safari yako itakatika katikati.

Hatua ya 5. Ifundishe saa urefu wa hatua yako. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilipima nikipanda kwenda Kadutu, mahali ambapo kila mtu hukata hatua fupi, nikapata sentimita 50, nikaziandika kwenye programu na kuridhika. Mtaalamu wa viungo aliyenitibu goti alikuwa ameniruhusu kilomita 2.5 kwa siku, nami nilizitembea kando ya ziwa, kwenye tambarare, ambako hatua yangu ni sentimita 70. Saa ilipoandika 2.5 nilikuwa nimekwisha kutembea 3.5, na baada ya majuma mawili goti likavimba kama chungwa. Basi, azima futi ya fundi mwashi, tafuta mahali tambarare, weka alama mbili zilizoachana mita 20, tembea kawaida mara tatu ukihesabu hatua, kisha gawanya 20 kwa wastani wake. Usipime mlimani, usipime kwa kandambili ikiwa hutembea kwa viatu, na usijikaze kwa sababu majirani wanakutazama.

Hatua ya 6. Vaa saa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, igusane na ngozi na isicheze. Taa ile ya kijani humulika damu, na kihisi husoma mwanga unaorudi. Mkanda ukilegea, saa inaweza kuchukua mdundo wa hatua zako ikakuandikia kuwa ni mapigo ya moyo.

MASWALI

Bahati_K: Saa yangu haifanyi kazi. Msaada tafadhali.

Jibu: Ni nini hasa kisichofanya kazi, na umefika hatua ya ngapi?

Bahati_K: Sina muda wa kusoma yote hayo.

Jibu: Nami sina muda wa kuyaandika mara mbili.

Mama Furaha: Mwanangu, mimi hubeba unga mgongoni kwa kamba ya kipaji cha uso, na mikono yote miwili hushika kamba. Natoka sokoni hadi nyumbani, saa inasema hatua 90. Je, imeharibika?

Jibu: Shikamoo Mama. Haijaharibika, mkono uliotulia hauna mdundo wa kuhesabiwa. Jaribu kuifunga kwenye kifundo cha mguu, au ufunge simu kiunoni ndani ya kitenge. Kisha hesabu mwenyewe hatua 100 ukiwa na mzigo, uone saa imeongeza ngapi. Ikiwa mguuni, mapigo ya moyo usiyaamini.

Cikuru: Nikipanda pikipiki kwenda Panzi hatua zinaongezeka.

Jibu: Ni mashimo ya barabara yanayohesabiwa. Ivue uitie mfukoni. Ikiendelea kuhesabu, izime.

Espérance: Yaya, hizi hatua 10,000 ni agizo la madaktari?

Jibu: Swali zuri. Nambari hiyo ilienea kutoka Japani, ambako mwaka 1965 kiliuzwa kipimo kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Katika milima yetu mimi hutazama dakika: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hiyo ni ya wastani.

Espérance: Asante. Nami naongeza: osheni mkanda kwa sabuni na muukaushe vizuri, jasho likikaa chini yake ngozi huwasha.

Cikuru: Wangu umekatika. Mafundi wa saa wanao?

Jibu: Wanao, ila pima upana wake kwa milimita kabla ya kwenda. Wangu ni 20.

Bahati_K: Nimesoma hadi hatua ya 6. Mapigo ndiyo yaliyokuwa hayaonekani. Nilikuwa nimeivaa juu ya mkono wa sweta.

Jibu: Asante kwa kurudi, ndugu. Kunja sweta.