Wodi ya wazazi ikitajwa kupunguzwa Kigoma, nawe uko ughaibuni: pa kuanzia

Habari za namna hii hazifiki kwa barua. Hufika usiku, kwa sauti ya WhatsApp ya mama mdogo: "Wanasema kuanzia mwezi ujao kituo hakitapokea tena wazazi usiku. Uchungu ukikushika usiku, utajua mwenyewe." Wewe uko Leicester au Minneapolis, umetoka zamu, na vidole vimeshaanza kuandikia kundi la familia: jamani, tuchange. Subiri kwanza. Mchango ndio silaha tuliyoizoea sisi watu wa Kigoma, mwisho wa reli, tulio nje, na katika jambo hili ndiyo yenye makali kidogo kuliko zote.

Nasema hivyo kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma tulichangishana, tukapeleka mashine ya ultrasound kwenye kituo kimoja mkoani. Ilipokelewa kwa picha na hotuba. Nilipokwenda likizo niliikuta ndani ya boksi lake, juu yake pamepangwa mafaili. Hakuna aliyefundishwa kuitumia, wala sisi wachangaji hatukuwahi kuuliza nani angeitumia. Ndipo nilipojua kwamba kituo hufa kwa kukosa mtu wa zamu kabla hakijafa kwa kukosa mashine.

Kwa hiyo anza na swali hili: kinapunguzwa nini hasa, na nani kaamua? Huku ughaibuni mpango wa kupunguza huduma mara nyingi huandikwa, ukawekwa hadharani, watu wakaulizwa maoni. Nyumbani neno "kupunguza" halitamkwi. Utasikia muuguzi kahamishwa, mkataba haujahuishwa, jenereta haina mafuta, mradi umekwisha. Kila mojawapo lina mlango wake wa kubisha.

Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, na juu yake TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, kwa hiyo usikimbilie ya Uvinza kwa jambo la Buhigwe. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko chini ya Wizara ya Afya. Kwa jambo la huko, diwani anaweza kukupa pole tu. Hospitali za madhehebu, na kwetu zipo za siku nyingi kama Kabanga na Heri, zina wenyewe, ingawa halmashauri huingia nazo mikataba ya huduma. Halafu kuna miradi ya wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, na USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa Julai mwaka huo huo, watumishi wengi waliokuwa wakilipwa na miradi walirudi nyumbani. Ikiwa ndicho kilichotokea kijijini kwenu, usimgombeze mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hana alichoamua. Muulize mkurugenzi wa halmashauri kama nafasi zile zitaingizwa kwenye bajeti yake.

Swali la "nani kaamua" si la kujaza karatasi. Mwaka 2013 wakazi wa Lewisham, kusini mwa London, walipinga mpango wa kupunguza huduma za dharura na za uzazi katika hospitali yao. Waliandamana kwa maelfu, lakini kilichouangusha mpango ule mahakamani, Julai na tena kwenye rufaa Oktoba, ni hoja moja kavu: waziri hakuwa na mamlaka juu ya hospitali yao, kwa sababu sheria aliyoitumia ilihusu iliyofilisika, nayo ilikuwa ya jirani, si yao. (Bunge lao likaja kubadilisha sheria mwaka uliofuata, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Maandamano yale usiyabebe kuyapeleka Kasulu kama yalivyo. Beba ile hoja kavu.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa ndipo wengi wetu tunapochelewa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mipango ya vituo na vijiji huandaliwa miezi ya mwisho ya mwaka, baraza la madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka mpya, na Bunge hukaa na bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Ukianza kupiga kelele Mei, mezani kimeshapikwa kilichopikwa. Kilichobaki ni kumwomba mbunge aulize swali. Ukianza Oktoba, kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wamo wanajamii wa kawaida, bado inaweza kuandika kwamba mtumishi wa zamu ya usiku ndiye hitaji namba moja.

Sasa hesabu. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo kazi ilipo. Kusema "wananchi wanateseka" hakumsumbui mtu. Husemwa kila kikao. Omba nyumbani wakusanye mambo machache kwa miezi mitatu iliyopita: wangapi walijifungulia kituoni, wangapi kati yao usiku, wangapi walipewa rufaa, na kila rufaa iligharimu nini. Idadi zimo kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za takwimu za kituo, na mganga mfawidhi anaweza kutoa jumla bila kumtaja mgonjwa. Gharama hazimo kitabuni. Ziulize kwa waliosafiri. Kwa vijiji vya mwambao kama Kalya na Buhingu uliza pia ziwa lilikuwaje, boti ilingoja nini, mafuta ya injini yalinunuliwa na nani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adha ya boti ya saa nane usiku anaijua aliyeipanda. Andikeni kwa jedwali, ukurasa mmoja, si zaidi.

Watawajibu kwamba ipo m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, mnapiga 115 bure, mjamzito anachukuliwa. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Basi jedwali lenu liwe na safu ya hilo pia: mara ya mwisho, tangu simu ilipopigwa hadi mlango wa chumba cha upasuaji, zilipita saa ngapi? Atakayejibu swali hilo kikaoni atalazimika kutaja saa.

Anayesimama kusema asiwe wewe. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, na hufanyika angalau kila miezi mitatu; muhtasari wake wenye mhuri una uzito kuliko saini elfu moja za mtandaoni kutoka Ulaya. Kutoka hapo hoja ipande kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na diwani aipeleke barazani. Barua ya kuomba taarifa pia iandikwe na mtu wa nyumbani: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki hiyo na ofisi siku 30 za kujibu. Nasema raia kwa makusudi. Kama umechukua pasi ya nchi nyingine, Tanzania haikuruhusu kushika uraia wa nchi mbili ukiwa mtu mzima, na barua yenye jina lako itawapa sababu ya kuiweka pembeni.

Kuhusu mitandao nitakuwa mfupi. Usirushe picha ya mgonjwa hata kama familia imekutumia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usirushe habari usiyoihakiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuwa kosa kusambaza kwa makusudi habari za uongo, na wewe uko mbali, atakayeitwa kituo cha polisi ni binamu yako. Na rangi za vyama ziacheni sandukuni. Mkiingia na bendera, wodi itageuka kuwa uwanja wa watu wengine.

Fedha yako ina nafasi yake: nauli ya wajumbe kwenda makao ya wilaya, kutoa nakala, vocha ya katibu anayeandika. Ni hela ndogo mno kuliko ultrasound. Pia kubalianeni saa. Kikao kikiitishwa saa nne asubuhi Kigoma, London wakati wa baridi ni saa moja asubuhi, na Toronto ni saa nane usiku. Wa Toronto wasomewe muhtasari baadaye. Hakuna anayefikiri vizuri saa nane usiku.

Sasa mjibu mama mdogo. Muulize kama tangazo limebandikwa ukutani au limesemwa kwa mdomo, limesainiwa na nani, na mkutano wa kijiji unaofuata ni tarehe gani. Kama limebandikwa, alipige picha leo kabla halijanyeshewa.