Masikio ya fundi rangi: anza na pua

Kijana wangu wa kupulizia rangi hakosi vizibo vya masikio. Bado akaanza kulalamika: "Fundi, sauti naisikia, maneno siyapati." Nikambadilishia vizibo mara mbili, bure. Kwenye kupima masikio ndipo tukaulizwa habari za tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi. Kemikali za tolueni na zaileni za kwenye tina, na stireni ya kwenye puti ya kuzibia mabonde ya bodi, hupita puani na kwenye ngozi, zikaingia kwenye damu na kufika sikio la ndani na kuliumiza. Kelele ikijumlishwa, hali inakuwa mbaya zaidi.

1. Mwombe muuzaji karatasi ya usalama ya bidhaa. Sehemu ya 3 tafuta namba hizi za kutambulisha kemikali: 108-88-3 (tolueni), 1330-20-7 (zaileni), 100-42-5 (stireni). Tina ya kwenye chupa ya soda mimi sinunui.

2. Pulizia penye feni inayotoa hewa nje. Feni ya dari inazungusha mvuke tu.

3. Barakoa. Hapa ndipo nilipotupa hela. Ya kitambaa, ya hospitali na hata ile nyeupe ya vumbi hazizuii mvuke. Zinashika chembe tu. Unataka ya mpira yenye katriji za mkaa za mvuke wa kemikali, zenye alama ya kahawia, na juu yake kichujio cha chembe za rangi. Nyoa ndevu, la sivyo hewa inapenya pembeni. Ziba katriji kwa viganja, vuta pumzi: barakoa ikinywea usoni, imekaa. Kosa langu lingine: niliitundika ukutani usiku kucha. Mkaa haulali, unaendelea kunyonya mvuke wa gereji mpaka ujae. Ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Badilisha katriji kwa ratiba, andika tarehe kwa kalamu. Usisubiri harufu, maana pua huizoea.

4. Acha kunawa mikono kwa tina. Mafuta ya kupikia, kisha sabuni.

5. Grenda na nyundo vikae mbali na anayepulizia. Kikomo kinachotajwa sana ni desibeli 85 kwa saa 8, ila kwenye tina vaa vizibo hata chini ya hapo.

6. Pima masikio kabla kijana hajaanza kazi, halafu kila mwaka. Mwambieni mpimaji habari za tina, na ombeni kijana apimwe pia kuelewa maneno penye kelele. Kipimo cha milio peke yake kinaweza kutoka safi huku mtu haelewi anachoambiwa.