Watoto wanapanda Moshi Krismasi: jinsi ya kujiandaa ukiwa mzee bila kulala kitandani Januari nzima

Hii nawaandikia wazee wenzangu wa huku Uchagani, hasa sisi akina bibi tuliobaki wenyewe kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, na kuku na ng'ombe mmoja wa maziwa, maana Desemba ikiingia tu simu zinaanza, mama tunakuja, bibi tunakuja, na wewe unafurahi kweli kweli alafu usiku usingizi hauji, unahesabu magodoro. Mimi niko upande wa Marangu kwahiyo ntasema ya huku, wa Machame na Kibosho na Rombo mtarekebisha kwenu.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja. Kazi ya mzee Krismasi ni kugawa kazi na kuonja. Ukisema ushike mwiko mwenyewe, ufagie uwanja mwenyewe, ukate majani ya ng'ombe mwenyewe, tarehe 25 utakuwa kwenye kiti umesinzia wenzio wanakula, na tarehe 2 wameondoka umebaki na kiuno. Kwahiyo yote ntakayosema hapa chini usome ukijua sio wewe utayafanya, wewe utayasimamia.

Anza na dawa. Najua umetegemea nianze na mbuzi, hapana. Kama unatumia dawa za presha au sukari nenda kliniki kabla ya tarehe 15, omba za kukufikisha katikati ya Januari, maana wiki ile ya sikukuu hata ukipata daktari hutapata gari la kushuka, hiace zote zimejaa wageni na mizigo yao. Na zile dawa zikifika nyumbani zitoe mezani, zitoe dirishani, ziweke juu ya kabati au kwenye sanduku lenye kufuli. Wajukuu wa miaka mitatu minne wanakula kila kinachofanana na pipi na hao wa mjini ndio hodari zaidi.

Alafu pesa. Mtoto akikuuliza mama tuje na nini, wewe ukajibu njooni tu, Mungu yupo, basi jua umeagiza biskuti na soda. Sema. Andika kabisa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, au mwambie mjukuu akuandikie, fulani gesi na mafuta ya kupikia, fulani sukari na majani ya chai, fulani mbuzi, fulani hela ya kumlipa kijana wa kupasua kuni, mpaka mwisho. Taja jina na kitu. Ukiandika "tuchangie" kila mtu atasubiri mwenzake aanze. Mchele waambie wasibebe, mchele wa Chekereni upo hapa chini tu na ni mzuri, wanautoa Dar kwa bei ya Dar wanaulipia na mzigo, akili gani hiyo. Wenye magari yao waambie wapitie machungwa na nazi njiani, pale Segera wanauza barabarani. Na kama una kikoba, huu ndio mwezi wa kuvunja na kugawana, hiyo ya kwako usiitangaze kwenye grupu jamani, hiyo ni ya ada za Januari na mbolea, wakijua ipo mbuzi wa pili atatoka humo.

Kuni ni jambo la Novemba. Mvua za vuli zinatusumbua huku juu mpaka Desemba, kuni mbichi zinatoa moshi tu na sufuria ya watu ishirini haichemki na mtungi mdogo wa gesi hata useme nini. Ziingie ndani mapema, zipangwe juu ukutani zikauke. Magodoro nayo kila jua likitoka yatolewe nje, ukisubiri tarehe 23 mvua itakucheka. Blanketi hesabu moja zaidi kila chumba, sisi Desemba tunaona joto lakini wao wametoka Dar, ikifika saa mbili usiku wanavaa masweta wanakuuliza bibi hapa mnaishije.

Sasa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na hapa ntakaa kidogo maana naona vijana wanataka kuipika kwa siku mbili kama juisi. Rudi nyuma kutoka tarehe 25. Ili inywewe 25 lazima ichanganywe 24. Ili ichanganywe 24 ndizi ziwe zimepikwa kama siku tano sita nyuma yake, zimepoa, zimefunikwa, zimechachuka vizuri. Na ili zipikwe lazima ziwe zimeiva, sio kwa kuungua juani, zimekatwa zikawekwa darini wiki hivi zikaiva zenyewe taratibu. Kwahiyo tarehe 10 au 11 mtu awe ameshapanda kukata mikungu. Ulezi unaloweka mapema zaidi, unauotesha kama siku tatu mpaka uonyeshe mizizi, unaanika ukauke kabisa ndio unaenda kusagwa, ukikauka vizuri unakaa stoo hauna haraka. Siku ya kuchanganya unapika uji wa ule ulezi pamoja na msesewe, magome yale machungu, unapoza, alafu unachuja maji ya ndizi unaunganisha. Msesewe ndio wa kuangalia. Ukizidi mbege inakuwa chungu hainyweki, ukipungua wazee watakunywa kimya kimya alafu wakifika njiani waseme mama fulani siku hizi amechoka. Hapo ndio nasema kazi yako ni kuonja, kaa na kiti chako pembeni ya pipa, kijana akoroge, wewe sema ongeza, sema basi. Ila kama unatumia dawa za presha onja kwa kijiko usionje kwa kata, na kama daktari alishakukataza pombe mpe mzee jirani aonje.

Mbuzi nunua Novemba. Desemba bei inapanda kila siku na wauzaji wanajua kabisa nani ana mtoto Dar. Akikaa kwako mwezi mmoja anakula majani ya nyumbani ananenepa, na watoto wanapata wa kumpa jina, ambalo sio jambo zuri sana ikifika tarehe 24 lakini ndo hivyo. Jioni ya kuamkia kuchinja asile, apewe maji tu, utumbo unasafishika kirahisi. Bwana afya apitie aangalie nyama, hasa kama mnapika kisusio, ile supu ya damu, damu sio kitu cha kubahatisha. Kugawa nyama waachie wazee wa kiume wanaojua kipande gani cha nani, usiruhusu mkwe wa kutoka mkoa mwingine akatekate tu akatia sufuriani, sio kosa lake hajui, lakini maneno yake yatakaa ukoo mzima mpaka Pasaka.

Sasa siku ya kufika. Hii ni njia yangu na inafanya kazi kila mwaka. Usipike kwa kuangalia saa, pika kwa kuangalia barabara. Wakipiga wakasema wametoka Dar, endelea na chai yako. Wakipita Korogwe nyama ya mifupa ya mtori, supu yetu nzito ya ndizi, iwekwe jikoni, ichemke pole pole. Mombo basi litasimama wale, waambie wanywe soda tu, wasijaze tumbo. Wakisema Same ndio ndizi zinaingia. Mwanga unaponda. Himo mtu wa kuwapokea awe ameshashuka na mwavuli, na ile wanayopanda huku juu na mizigo ndio muda mtori unapumua. Wanaokuja na treni, ile ya Moshi iliyorudi Desemba 2019, wao wanalala njiani kwahiyo wapikie cha asubuhi, na usingoje macho wazi usiku kucha, treni haiji haraka kwa sababu wewe hujalala.

Mtori wenyewe jamani ni ndizi mchare, msininunulie ndizi nyingine mkasema zinafanana. Mkono upakwe mafuta ya kula kabla ya kumenya, utomvu wake ukishika kucha unaenda nao kanisani. Ukimenya tia kwenye maji zisiwe nyeusi. Nyama iwe imeiva kabisa, unaitoa, ndizi na vitunguu vinaiva kwenye ile supu, unaponda kwa mwiko mpaka mabonge yanaisha, unarudisha nyama na supu kidogo kidogo mpaka iwe nzito unavyotaka, siagi au maziwa mwishoni. Wa Dar watataka karoti na hoho, waachie sufuria yao. Chumvi inaingia mwisho, na kabla haijaingia chota bakuli lako weka pembeni. Hilo bakuli ndio Krismasi yako wewe mwenye presha, usione aibu, mbele ya wageni hakuna mtu atakayejua.

Watu wa umri wetu hatuangushwi na kazi tu, tunaangushwa na mabegi. Nyumba ikijaa, korido inajaa viatu, chaja, toroli za nguo, na wewe usiku saa nane unaamka kwenda chooni kama kawaida yako gizani kwa mazoea. Weka sheria siku ya kwanza kabisa kabla hawajavua viatu, korido haina mzigo, taa ya nje inawaka usiku kucha, na tochi yako mtoto haigusi hata kama simu yake imezima. Na kitanda chako usikitoe. Najua tabia yetu, unasema mimi ntalala popote, mkwe alale kitandani na mtoto mchanga, usiku wa pili mgongo unakukumbusha umri. Vijana walale chini sebuleni, wanapenda wenyewe, wanapiga stori mpaka alfajiri.

Makaburi yapaliliwe kabla ya tarehe 20. Kwetu yapo hapo hapo kihambani, na watoto wangu wakishuka tu kabla ya kuingia ndani wanapita kwanza kwa baba yao, sitaki wakute magugu. Hii ni kazi ndogo lakini mimi ndio huwa siwapi vijana, napeleka kiti changu na kijembe kidogo naifanya pole pole asubuhi kukiwa na ubaridi. Huko ndio namweleza habari za mwaka, nani kaoa, nani kafukuzwa kazi, parachichi la kule mwisho limezaa. Mtu akikuuliza unaongea na nani mwambie naongea na simu.

Ugomvi. Kila familia unao na Desemba ndio unaletwa na basi moja na zawadi. Kama kuna ndugu wawili hawasemezani, usingoje wakutane mbele ya nyama. Piga simu mapema mwezi wa 11, kila mmoja peke yake, na ikibidi mtume mzee mwenye heshima na sale, lile jani letu la kuombea msamaha, bado linafanya kazi, kijana aliyekulia huku akiletewa sale anajua hawezi kukataa msamaha hivi hivi. Na kikao cha ukoo cha mambo ya shamba na mipaka kisiwe tarehe 25 hata waseme wana haraka ya kurudi kazini. Tarehe 27 asubuhi, chai mezani, mbege imefungiwa stoo. Nimeona mipaka ikigawanywa kwa kata ya tatu ya mbege, miaka kumi watu bado wako baraza la ardhi.

Kanisani mtume mjukuu awahi akushikie kiti, kwenye mkesha tarehe 24 na kesho yake pia, maana wiki hiyo wenye usharika tunakaa nje wa Dar wamejaa ndani. Beba sweta na mto mdogo, ibada ni ndefu na kuna kwaya nne zimefanya mazoezi tangu Septemba lazima zote ziimbe. Beba na hela ndogo ya mnada baada ya ibada, ila mkungu wa ndizi ukifika bei ya kichaa waachie wanaoshindana, wanaonyeshana tu, ndizi zenyewe zimetoka kwako.

Kuhusu wajukuu wasiojua Kichagga nilikuwa nalalamika, siku hizi nawapa kazi. Mmoja akae na mimi kwenye kumenya, kila ndizi neno moja. Wakiondoka wanajua kusalimia, kushukuru na kuomba chakula, inatosha kwa kuanzia, mengine Pasaka.

Kuondoka pia kupangwe. Kila nyumba mkungu mmoja wa mchare, ukatwe asubuhi ile ile ya safari maana ukianza kuiva njiani haufai tena mtori, parachichi ngumu ambazo hazijalainika, na unga wa ulezi wa uji wa watoto. Funga na majani makavu ya mgomba, andika jina kwa peni kubwa, mabegi ya basi yanabadilishana. Mwenye gari asibebeshwe vya wenye basi bila kuulizwa. Na kabla hawajapakia, wageuze magodoro, wafue mashuka na waoshe lile pipa la mbege, wote, na wakwe wa kiume humo humo, ndio mfungue geti.