Somo: kufunga AC kwenye Peugeot 504 ambayo haikutoka nayo kiwandani

Wakuu, joto la Dar mwezi wa pili mnalijua, na 504 ina mavioo makubwa halafu siti za leza, ukikaa saa nane mchana unachemka. Somo hili naelekeza kwenye 504 ya petroli yenye kabureta ila mengi yanaingia kwenye Datsun, Corolla KE na hata Land Rover.

Nianze na sehemu ambayo hela za watu zinapotelea. AC ya gari la zamani mara nyingi haishindwi na kompresa (pampu ya gesi inayozungushwa na injini), inashindwa na kondensa (ile kama rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi) na upepo. Mtu anahangaika kutafuta kompresa kubwa halafu mbele anaweka kondensa ya kigari kidogo bila feni, basi gari ikitembea Bagamoyo road baridi safi, ikiingia foleni ya Mwenge unapuliziwa hewa ya moto.

1. Rejeta kwanza. Ipeleke ikafunguliwe na kuzibuliwa, maana kondensa itakaa mbele yake na kuipelekea hewa iliyokwisha pata joto. Feni ya asili ya 504 ina klachi ya sumaku, inajiunga maji yakipanda joto tu, muda mwingine inazunguka kivivu. Kwa mafuta ni akili nzuri sana wale Wafaransa, kwa AC haitoshi, lazima uongeze feni ya umeme.

2. Kondensa. Chukua ile ya mirija bapa, kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, acha kama sentimita 2 kati yake na rejeta. Feni ikikaa mbele inatakiwa isukume, ikikaa nyuma ivute. Jaribu na karatasi, kama feni iko nyuma ya rejeta basi karatasi ukiiweka kwenye grili inanasa hapohapo. Usigeuze waya tu ili izunguke kinyume, mapanga yake yamekunjwa kwa upande mmoja, upepo unakuwa hafifu.

3. Kompresa. Sanden 508 au zinazofanana nayo zinatosha na vipuri vipo. Injini ya 504 imelala upande, kwahiyo breketi ya gari lingine haikai, tafuta mchomeleaji mwenye mkono mtulivu. Puli zote ziwe mstari mmoja, weka rula ndefu uone, zikipishana kidogo tu utakuwa unakula fenibelti kila mara. Kompresa unaweza kuilaza ubavu, kichwa chini hapana, oili haitafika inapotakiwa.

4. Kulingkoili (ile inayopoza hewa ya ndani ya gari) inakaa chini ya dashi upande wa abiria. Mpira wa kutoa maji uteremke moja kwa moja mpaka nje ya gari, usiwe na tumbo katikati, la sivyo kapeti litanuka uvundo.

5. Mipira iwe ya R134a (gesi ya AC tutakayojaza) yenyewe, ile ya zamani inavujisha gesi taratibu. Oring'i zipakwe oili ya kompresa kabla ya kukaza. Draya (kile kikopo cha kukausha unyevu kwenye gesi) inafungwa MWISHO kabisa, vizibo vyake usivitoe mapema maana inanyonya unyevu wa hewani na Dar unyevu ndio kwao.

6. Waya. Feni, bloa (feni ya kupuliza hewa ndani) na klachi ya kompresa kwa pamoja vinaweza kula ampea 20 na zaidi, ukiwasha na taa usiku oltaneta ya zamani inalia. Weka ya ampea 65 kwenda juu, kila kitu kipite kwenye rilei na fyuzi yake, na swichi ya presha (inayozima kompresa presha ya gesi ikiharibika) usiiruke hata fundi akikwambia haina kazi.

7. Vakyumu (kunyonya hewa yote kwenye mfumo kwa pampu) dakika 45, funga valvu, ondoka kanywe chai nusu saa, ukirudi sindano ya geji iwe palepale. Ikisogea kuna mahali panavuja, usijaze gesi. Kama imetulia, zungusha kompresa kwa mkono mara kadhaa halafu jaza kidogo kidogo. Kwenye joto la nyuzi 32 hivi upande wa presha ndogo usome psi 30 mpaka 40, wa presha kubwa 200 mpaka 250. Presha kubwa ikipaa juu ya hapo gari ikiwa imesimama, rudi namba 2.

MASWALI

Mwenye Datsun 1200, Tanga: Mkuu, injini yangu ndogo, itabeba kweli?
Itabeba, ila mlimani utaisikia. Tafuta kompresa ndogo, na weka swichi karibu na mkono uizime ukitaka kuovateki.

Mwenye 504 steshenwagoni: Nikiwasha AC kwenye foleni gari inazima.
Kabureta haijui kama mzigo umeongezeka kaka. Kuna kidude cha vakyumu kinachovuta trotli kidogo klachi inapoingia, zipo kwenye Corolla za zamani. Usipandishe sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) kwa skrubu, utakunywa mafuta hata AC ikiwa imezimwa.

Dada mwenye Mercedes W123: Yangu ilikuja na AC ya R12 (gesi ya zamani), naweza kujaza R134a tu?
Hapana dada. Mfumo uoshwe, oili ya zamani itoke kwa sababu haichanganyiki na gesi mpya, badilisha draya na oring'i.

Mwenye Land Rover: Fundi wangu anajaza gesi ya jikoni, inapoza vizuri sana.
Inapoza ndiyo, na kulingkoili iko miguuni kwako ndani ya kabini. Ikitoboka halafu mtu akawasha sigara je? Mwambie aitoe.