Biennale ya Venice kwa mtu wa kawaida: anzia nje ya geti

Watu wetu wengi walioko Ulaya wanafika Venice, wanapiga picha kwenye madaraja, wanakula aiskrimu, wanarudi zao Munich au Milano, na hawajui kwamba ule mlango waliopita kule uchochoroni ndani kulikuwa na kazi za msanii wa Kampala au Nairobi na kiingilio ni bure kabisa. Hii inaniuma kweli, ndo maana naandika.

Biennale, yaani maonesho makubwa ya kimataifa kule Venice, Italia, ilianza 1895, na ile ya sanaa inafanyika kila baada ya miaka miwili, inaanza mwezi wa nne au wa tano mpaka wa kumi na moja. Mpangilio wake ukishawahi kwenda Sabasaba utauelewa haraka, kila nchi ina banda lake na inaamua yenyewe ilete nani, afu kuna onesho moja kubwa la kimataifa ambalo linapangwa na mtu mmoja aliyeteuliwa. Sehemu kuu ni mbili, Giardini (bustani) na Arsenale (karakana ya zamani ya meli), zote za kulipia. Kule Giardini kuna mabanda kama 29 ya kudumu, la kwanza lilijengwa na Ubelgiji 1907, na Afrika nzima mwenye jengo lake pale ni Misri peke yake. Wengine wote wanakodi, ama ndani ya Arsenale, ama kwenye majumba ya zamani mitaani. Sasa ukitaka kuona za kwetu ukakimbilia geti la Giardini na tiketi mkononi, unaweza ukazunguka siku nzima usizione, kumbe ziko mtaa wa nyuma.

Kwa hiyo siku ya kwanza usinunue kitu. Ingia tovuti ya Biennale, fungua orodha ya nchi zinazoshiriki, andika anwani za zile zilizoko nje ya Giardini na Arsenale, weka alama kwenye ramani ya simu, afu panga kwa mtaa sio kwa nchi, manake Venice hakuna gari na njia zinapinda, ukiruka ruka utaishiwa miguu kabla ya saa nane mchana. Mlangoni kunakuwa na bango la Biennale. Usiogope kuingia eti jumba linaonekana la matajiri, sukuma mlango, salimia, panda ngazi. Na ratiba ya kila sehemu icheki mwenyewe, nyingi zinafunga Jumatatu.

Ukiingia angalia kwanza, karatasi ya maelezo soma baadaye. Mfano 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza, na banda lao likapewa heshima maalum na majaji. Pale kulikuwa na kazi za Acaye Kerunen, ambaye anafanya kazi na akina mama wasusi, kwa hiyo unakuta ukili, rafia, magome ya mti, vitu vimesukwa na kushonwa vinatoka ukutani vinajaa chumba. Mtu wa kwetu aliyekaa barazani na bibi anayesuka mkeka anaona pale kitu ambacho Mtaliano haoni, anajua mkono umepita wapi, anajua ni kazi ya siku ngapi. Mwaka huo huo Kenya walikuwepo na Dickens Otieno, yeye anakata makopo ya soda vipande vyembamba anavisuka kama kitambaa, ukisogea karibu unaanza kusoma maandishi ya soda ile ile unayoijua. Simama hapo, usikimbie. Afu ongea na yule kijana anayekaa mlangoni, wengi ni wanafunzi, wanakaa na hizo kazi kutwa nzima na wanapenda sana kuulizwa.

2024 ikawa zamu ya Tanzania na Ethiopia kuwa na banda kwa mara ya kwanza. Ila jambo moja, angalia majina ya wasanii sio bendera tu. 2013 na 2015 banda la Kenya lilijaa wasanii wa kutoka China, wasanii wa Nairobi wakapiga kelele sana mpaka 2015 serikali ikalikana. Walikuwa na haki kabisa.

Siku ya pili ndo ununue tiketi. 2024 ilikuwa kama euro 30, chini ya miaka 26 na wanafunzi wanalipa karibu nusu, na inakuingiza mara moja Giardini na mara moja Arsenale, sio lazima siku moja, kwa hiyo gawanya. Mi ningeanza na Arsenale. Pale kuna ukumbi wa Corderie, walipokuwa wanasokota kamba za meli, una urefu wa zaidi ya mita 300, unatembea tu kazi baada ya kazi. Chagua chache za kukaa nazo. Za video uliza kwanza ni dakika ngapi kabla hujakaa.

Hela sasa. Lala Mestre, upande wa bara, ni bei nafuu kuliko kisiwani na treni ni kama dakika 10. Boti za abiria tiketi moja inakaribia euro 10, kwa hiyo kama utapanda zaidi ya mara mbili kwa siku chukua pasi ya saa 24, la sivyo tembea. Tangu 2024 kuna siku ambazo wageni wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo wanalipa ada ya kuingia mjini, ukilala Venice au Mestre hulipi lakini lazima ujisajili mtandaoni upate msimbo (code) wa kuonesha kwamba umesamehewa. Chakula nenda Via Garibaldi, iko katikati ya Arsenale na Giardini, unakula vitafunwa vidogo vya baa umesimama. Maji jaza kwenye mabomba ya mtaani, yanafaa kunywa. Epuka wiki ya ufunguzi, na epuka mwisho wa Agosti mpaka mwanzo wa Septemba wakati wa tamasha la filamu, vyumba vinapanda bei hatari.

Toleo la 2026 ni 9 Mei mpaka 22 Novemba. Onesho kuu lilipangwa na Koyo Kouoh, mzaliwa wa Cameroon, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Raw Material Company kule Dakar, Senegal, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupewa kazi hiyo. Alifariki Mei 2025 na Biennale wakaamua kuendelea na mpango wake kama alivyouacha. Anayetokea Afrika Mashariki aanze viza ya Schengen mapema sana, na akiweza aje Septemba mwishoni au Oktoba, joto limepungua, watu wamepungua, na kwa kawaida msimu mkubwa wa maji ya bahari kujaa mitaani bado haujafika.